Vituo vya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Msiba! Meneja mpya wa hoteli ametuita asubuhi mimi na shemeji yangu, akatusimamisha mbele ya geti kama wanafunzi waliochelewa. Geti linapanuliwa. Meza za safari zilikuwa mbili, sasa nafasi ni ya meza moja. Nani abaki na nani aondoke ataamua yeye. Ijumaa atapanda gari la shemeji pamoja na wageni wake. Jumamosi atapanda langu. Jumapili atatoa neno.

Meza moja! Na meza yangu ni ya Baba. Ilikuwepo pale kabla geti halijawa geti, wakati hoteli yenyewe ni vyumba vichache na mlinzi anayelala kuwazidi wageni. Baba aliiweka kwa mikono yake, akasimamisha ubao alioupaka rangi mwenyewe, akawa anawapeleka watu wa ufukweni safari za kutwa: kuondoka asubuhi, kurudi jioni, mchanga bado umo viatuni. Pale ndipo nilipojifunza kuhesabu, kwa kuhesabu vichwa ndani ya basi. Nikinyang'anywa meza ile, nitakuwa nimemzika Baba mara ya pili.

Shemeji huyu ni mume wa dada yangu. Mji mzima unamwita Kiyoyozi kwa sababu ya gari lake. Unaingia umevaa shati, unatoka unatafuta blanketi. Watu wanampenda! Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mimi mji unaniita Ratiba. Sijui kwa nini. Nimewaambia tu kwamba ratiba ni ratiba.

Mpango nimeshaupata, hata chai haijapoa. Nitaifufua Safari Kuu ya Baba, ile ya milimani. Haijafanywa tangu afariki. Wageni wangu wa siku hizi nawapeleka sokoni na stesheni, barabara tambarare, basi halihangaiki. Basi lenyewe ni lilelile la Baba. Jina lake Bibi Harusi, maana haliondoki bila watu kulisindikiza kwa nyuma.

Usiache mbachao kwa msala upitao! Nimemwambia mke wangu hivyo. Ameinua macho kwenye cherehani, akasema mbachao wangu una matundu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeshinda na ubao wa Baba magotini, nikiusugua. Rangi imepauka lakini herufi zinasomeka. Mwamba wa Kofia. Nyumba ya Chai. Kilima cha Mwangwi. Maporomoko. Kwa mpangilio huohuo, miaka nenda miaka rudi. Hakuwahi kuruka kituo hata kimoja. Watu walishuka, Baba akawasimulia: mwamba uliokuwa mfalme mwenye kiburi, chai iliyomponya jemadari mafua, kilima kinachowajibu wenye moyo safi tu. Walisikiliza midomo wazi. Mimi pia, na hadithi nilizijua kwa moyo.

Na wakati anasimulia, boneti iko wazi. Kila kituo! Baba alikuwa akimfunua Bibi Harusi uso, taratibu, kitambaa mkononi, kisha ananiita. Kazi yangu ilikuwa kubeba birika. Nampa, anamnywesha, mvuke unapanda, na ile harufu ya mpira wa moto na vumbi. Nikiwa mtoto niliamini ni adabu, kama mgeni anavyopewa maji ya kunywa kabla ya mazungumzo. Bado naamini. Madereva wa leo hawana adabu hiyo kwa magari yao. Kiyoyozi sijamwona akifungua boneti hata siku ya Idi... basi, hata siku yoyote.

Mchana nimempeleka Bibi Harusi kwa fundi. Fundi amechungulia, amecheka, amemwita mwenzake naye aje kucheka. Eti rejeta imeoza, kwa rejeta ile hata tuta la barabarani ni mlima. Nimemwambia aweke nyingine. Ameweka, imetoka kwenye lori la maziwa lililopata ajali. Amesema kwa rejeta hii Bibi Harusi atapanda mpaka mawinguni bila kuomba tone.

Nimerudi nyumbani kifua mbele. Mke wangu ameuliza, kama haombi tone, sasa kwenye vituo mtakuwa mnafanya nini? Nimemwambia asichanganye ufundi na utalii.

Jumatano, 5 Juni

Siku nzima mezani. Aliyejiandikisha: hakuna. Mezani kwa Kiyoyozi, watu wamepanga foleni. Foleni! Kwa ajili ya kwenda kupigwa baridi.

Mjua adui hashindwi. (Sina hakika kama ni methali, lakini inafaa kuwa.) Alasiri nimejificha nyuma ya ua wa maua wa hoteli ili nisikie anachowaambia wageni. Nimechutama vizuri. Nimesikia kwamba atawapeleka kwenye jengo jipya la maduka na bustani ya vipepeo. Nimesikia kwamba kila kiti kina mahali pa kuchajia simu. Halafu sikusikia tena kitu, kwa sababu mtunza bustani alifungulia mpira wa maji. Saa yake ya kumwagilia. Mtu mwenye ratiba, siwezi kumlaumu.

Nimetoka nyuma ya ua nimelowa chepechepe mbele ya foleni yote. Kiyoyozi hakucheka. Angecheka ningepona! Amenipa taulo, tena la baridi, limekunjwa, linanukia ndimu. Kisha amenivuta pembeni akaniambia, shemeji, kwa nini tugombee kameza kamoja? Wewe una maneno, mimi nina gari. Tuungane. Mimi wageni nikishawapakia sina la kuwaambia, nawawashia muziki tu.

Matusi makubwa! Kwamba mimi niwe redio ya gari lake. Nimemwambia damu nzito kuliko maji, na kwamba yeye kwa ukoo huu ni maji. Amesema sawa. Taulo nimeondoka nalo kwa bahati mbaya.

Alhamisi, 6 Juni

Wamejiandikisha! Wanne. Mzee mmoja mstaafu wa posta na mkewe, na maharusi wa wiki jana ambao nadhani walitaka meza ya jirani, lakini walikuwa wanaangaliana na hawakuona wanakokwenda.

Wanne na Meneja ni watano. Basi lina viti vingi kupita hapo. Basi tupu ni kama duka tupu, mtu akichungulia anaondoka. Baba alikuwa akisema abiria huvutwa na abiria. Ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Nimewahi kwa Mama.

Mama amenikuta mlangoni akachambua sura yangu na kuuliza nimefanya nini tena. Nimemweleza. Jumamosi atapanda basi kama mgeni kutoka mbali, asiyenijua. Meneja ni mpya, hajawahi kumwona. Atavaa kofia pana na miwani ya jua. Atakuwa hasikii vizuri, ili asiulizwe maswali. Kila kituo atasema neno moja tu: Lo, pazuri!

Mama ameuliza, tunapita kwenye vituo vyote vya baba yako? Nimesema vyote. Ameingia ndani. Ametoka na kofia yake mwenyewe, ya zamani, ukingo umepinda. Sikujua kama bado anayo. Nilimwona ameivaa kwenye picha tu, ile iliyo juu ya kabati, amesimama na Baba pembeni ya basi na wote wawili wamefumba macho kwa jua.

Nikaona machozi yananilengalenga bila sababu ya maana. Nimeaga haraka.

Jioni Dada amepiga simu, naye anataka kiti. Mke wa Kiyoyozi ndani ya basi langu! Kikulacho ki nguoni mwako. Amekiri mwenyewe kwamba anakuja kupeleleza. Nimemkubalia, maana kiti ni kiti na kichwa ni kichwa.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya Kiyoyozi. Ameondoka asubuhi bila kusukumwa na mtu. Sura za watu dirishani zinang'aa. Meneja mbele kabisa, amejifunika mtandio.

Nimejifungia ofisini nikafanya mazoezi ya hadithi za Baba. Ofisi ni chumba kimoja tu, nyuma ya duka la vifaa vya kuogelea. Kuna kiti chake, kalenda yake ya mwisho, na kwenye ukuta alama za penseli alizokuwa akipimia urefu wetu mimi na Dada mwisho wa kila msimu. Siku hiyohiyo, wageni wakishapungua, alikuwa akitupakia sisi wenyewe kwenye basi. Familia tu. Tulikaa kwenye viti vya wageni, na Baba akatusimulia kama vile hatujuani: mabibi na mabwana, kushoto kwenu mwamba. Mama alikuwa akicheka tangu kituo cha kwanza mpaka cha mwisho. Nilidhani anachekeshwa na hadithi.

Ni vizuri hivi sasa kuandika kwamba siku zile zilikuwa nzuri. Wakati ule sikusema. Nilikuwa nagombea dirisha na Dada.

Saa kumi nimetoka kuwaona wakirudi. Wote wameridhika! Mifuko ya maduka mikononi. Meneja anatabasamu. Lakini mgeni mmoja alipiga chafya. Nimesimama hadi nikasikia ya pili. Baridi hiyo! Nimelala na matumaini.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike kwa mpangilio, ingawa siku yenyewe haikuwa nao.

Bibi Harusi ameondoka kwa kusindikizwa kidogo tu. Mstaafu alisukuma, bwana harusi alisukuma, Meneja naye alivua viatu akasukuma. Ishara njema, mtu hasahau gari alilolisukuma. Mama alikuwa kiti cha katikati, kofia na miwani, kimya kama mtungi. Dada alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha nyuma ya dereva, dirishani. Kiti chetu! Hata hakuuliza.

Mwamba wa Kofia. Nimesimama kwa mujibu wa ratiba. Mama akasema Lo, pazuri! kabla sijazima injini. Wageni wakashuka wakatazama mwamba. Nikawapa mfalme mwenye kiburi, mwanzo mpaka mwisho, sauti ya Baba kabisa. Mstaafu akauzunguka mwamba, akarudi, akauliza kama upande wa pili ni wa malipo, maana hajaona kitu. Bwana harusi alimpiga picha mkewe, mwamba akauacha nje. Nikafungua boneti kwa adabu, nikachukua birika. Bibi Harusi hakuwa na kiu. Maji yote yakamwagika kwenye viatu vyangu. Watu wananitazama. Mama akanisogelea akaninong'oneza, gari ni zima, umesimama kwa nini? Nikamwambia kwa pembe ya mdomo kwamba mgeni asiyesikia hanong'oni.

Nyumba ya Chai. Bibi wa chai ametangulia mbele ya haki zamani. Mjukuu wake anauza matairi hapohapo. Mama akasema Lo, pazuri! mbele ya rundo la matairi. Nilishaanza hadithi ya jemadari na mafua, siwezi kukatisha. Mke wa mstaafu akauliza, kwa heshima zote, ni tairi lipi lililomponya.

Hapo nikaona heshima ya safari inashuka. Nikafikiri haraka. Ubao wa Baba ulikuwa nyuma ya viti, hauonekani! Nikaomba vipande vya mpira kwa muuza matairi, tukaufunga ubao mbele ya basi, upana wote, kutoka taa hadi taa. Ukakaa barabara, hata upepo haupenyi. Watu wajue hili si basi tu. Dada akaniambia kitu kuhusu kuziba mbele. Nikamwambia mpelelezi hatoi ushauri.

Kilima cha Mwangwi. Zamani kilikuwa kitupu, Baba akiita, jina lake linamrudia. Sasa ng'ambo ya bonde kuna nyumba. Nikawapanga wageni ukingoni, nikawaeleza kwamba kilima humjibu mwenye moyo safi tu, nikajaza kifua, nikapaza sauti: Hamjambooo! Kilima kikajibu: Funga mdomo wako, mtoto ndiyo kwanza amelala!

Mke wa bwana harusi akauliza kama kuna choo karibu. Meneja akatazama saa. Sikuwa na haja ya kusubiri Jumapili. Meza nimeshaipoteza, na nimeipoteza kwa hadithi zilezile za Baba, kituo baada ya kituo, bila kuruka hata kimoja. Nikarudi kwenye usukani. Nikaanza kupandisha mlima wa Maporomoko.

Katikati ya mlima nikasikia harufu. Mpira wa moto na vumbi. Nikajua ni kumbukumbu tu, moyo ukiwa mzito pua nayo hukumbuka. Nikaivuta ndani. Nikamwona Baba kabisa, na kitambaa chake. Macho yakajaa ukungu, mbele sioni. Kisha Dada akapiga kelele kwamba ule si ukungu, ni mvuke, simama wewe!

Nikasimama. Bibi Harusi alikuwa anafuka kila tundu.

Mama akavua miwani. Akainuka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo kwa yule mtoto aliyelala: sasa hapa ndipo pa kusimama! Watu wote wakageuka kumtazama mgeni asiyesikia. Akashuka, akashika kiuno mbele ya basi, akaniambia umemziba pua mwenzako na ubao wa baba yako, unategemea apumue kwa masikio? Nikaufungua ubao. Mama akaagiza birika, akaagiza madumu, akamtuma mstaafu na bwana harusi kijitoni, akamtuma Meneja! Meneja akaenda. Viatu mkononi tena.

Wakati gari linapoa, Mama akakaa kwenye ngazi ya mlango, kofia kichwani, akaanza kuongea. Mke wa mstaafu akamuuliza imekuwaje mgeni anamjua baba wa dereva. Mama akasema, nimeishi naye mpaka alipofumba macho, nitakosaje kumjua?

Akasimulia. Zamani hizo alikuwa msichana, amekwenda mjini kununua kofia, anarudi kwao kwa basi. Dereva kijana tu. Walipofika kwenye ule mwamba gari likachemsha. Abiria wakakasirika, wanataka nauli zao, mmoja ameshakunja mikono ya shati. Dereva akapanda juu ya jiwe. Akawauliza, hivi mnajua kwamba mwamba huu zamani alikuwa mfalme? Watu wakanyamaza. Mama yeye alizaliwa nyuma ya mwamba ule. Haukuwa na mfalme, haukuwa na jina, ulikuwa mahali pa mbuzi kulala. Dereva alipofika kwenye jina la mwamba akakwama. Akatazama huku na huku, akaona kofia mpya.

Mama akasema alikuwa na uwezo wa kumwumbua palepale. Akamwacha aendelee. Na hakumkatiza tena, maisha yao yote.

Nyumba ya Chai? Gari lilichemsha karibu na bibi mwenye kisima. Kilima cha Mwangwi? Lilichemsha mahali pasipo na mtu, akaita msaada, akajibiwa na sauti yake mwenyewe. Mahali pekee Baba alipokusudia kweli kuwapeleka watu ni Maporomoko, na sababu yake kubwa ilikuwa kwamba pale kuna maji ya kutosha kurudi nayo.

Watu walicheka mpaka mstaafu akakaa chini barabarani. Mke wa bwana harusi alikuwa anacheka na kulia. Dada alikuwa hacheki, amebaki kwenye kiti chake dirishani, kitambaa usoni. Na mimi nimesimama na birika.

Vituo vyote! Ratiba yote! Nilidhani najua kwa nini Mama alikuwa akicheka safari zile za mwisho wa msimu. Nililia kidogo. Nilisema ni mvuke.

Mara Kiyoyozi akatokea na gari lake na madumu ya maji. Dada alikuwa amempigia simu. Hakusema neno la kunikera. Akawakaribisha wageni waingie kwenye baridi. Hakuna aliyeinuka! Mke wa mstaafu alimwambia subiri, bibi hajafika kwenye harusi. Kiyoyozi akazima gari, akakaa juu ya dumu, akasikiliza na yeye. Miaka yote amekuwa mkwe, na hakuwahi kuambiwa.

Maporomoko tulikuwa tunayasikia nyuma ya kona. Hakuna aliyekwenda kuyaona. Jua lilipopungua tukarudi.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi nimekaa mezani peke yangu na ubao. Mbele umebabuka kwa joto, neno Kofia limebaki Kofi. Nilimkasirikia Baba, niseme ukweli. Miaka yote nimewaambia watu Baba alikuwa mtaalamu wa kupanga safari, kumbe alikuwa mtaalamu wa gari bovu. Halafu nikakumbuka jinsi alivyokuwa akitembea kuelekea kwenye boneti. Taratibu. Hajawahi kukimbia hata mara moja. Moshi unafuka, na yeye anajipangusa mikono kama mtu aliyefika alikokuwa anakwenda. Kumbe moyoni alikuwa anahangaika kama mimi jana. Hasira ikaisha. Nilimkumbuka Baba mpaka kifua kikauma.

Saa nne Meneja amekuja. Nikasimama, nikaanza kukunja kitambaa cha meza ili nisimpe taabu. Amesema wageni walirudi wakala chakula cha jioni kwa kelele, na wakati wa chai meza nne nyingine zilikuwa zimewazunguka. Asubuhi mapokezi wameulizwa swali moja tu. Yule mama mwenye kofia anasafiri siku gani?

Kwa hiyo meza inabaki. Lakini si yangu, na si ya Kiyoyozi. Ni ya Mama.

Mama ameitwa. Amekuja na masharti yameshapangwa kichwani, bila shaka jana njia nzima alikuwa anayapanga. Gari litakuwa la mkwe wake, maana magoti yake yeye si ya kusukuma basi. Dada ataandikisha wageni. Bibi Harusi ataegeshwa karibu na geti, aoshwe, apumzike, watu wapige naye picha. Nikauliza, na mimi? Mama akasema mimi nitapanda naye mbele. Nitasimulia uongo wa Baba, na yeye nyuma yangu atasimulia ukweli. Kisha akanyoosha kidole: ubao huu urudi mahali pake palepale, hakuna anayeuondoa nikiwa hai.

Kiyoyozi amenipa mkono. Amesema, si nilikwambia shemeji, wewe maneno, mimi gari? Nimemwambia wazo hilo lilinijia mimi zamani. Taulo lake nimemrudishia. Amesema kaa nalo.

Nimepitia ofisini jioni. Nimetazama zile alama za penseli ukutani, ya mwisho inanifikia kwenye kiwiko. Nimesimama nayo kidogo. Kisha nimefunga mlango, na nimetembea hadi nyumbani nikiimba. Mke wangu ameuliza kama nimepata somo. Nimemwambia ndiyo, kubwa.

Jumatatu, 10 Juni

Somo lenyewe ndilo hili. Siri ya Baba haikuwa vituo. Ilikuwa kuchemsha! Watu hawakushuka kuona mwamba, walishuka kwa sababu gari limegoma, na mtu ambaye gari lake limegoma husikiliza chochote. Nimeshangaa hakuna mwingine aliyeligundua hili.

Nimeshinda kwenye karatasi tangu alfajiri. Ratiba mpya! Saa nne kamili: kuchemsha, Mwamba wa Kofia. Saa tano: kuchemsha, matairi. Saa sita: kuchemsha, pamoja na salamu fupi kwa yule mtoto. Saa saba na nusu: kuchemsha kukubwa, Mama anasimulia harusi. Kila kitu na wakati wake.

Tatizo ni moja. Gari la shemeji halichemshi. Nimelichunguza, ni zima kupita kiasi. Nimekwenda kwa fundi kumwomba aichukue ile rejeta ya zamani ya Bibi Harusi aiweke kwenye gari la Kiyoyozi, taratibu, bila kumsumbua Kiyoyozi kwa maelezo. Fundi amemwita tena yule mwenzake aje kucheka. Amekataa.

Nimemwonyesha Mama ratiba. Ameisoma yote, ameikunja, akafunikia kikombe chake cha chai inzi wasiingie. Amesema mambo ya njiani hayapangwi, ndiyo maana baba yako alikuwa akiyaweza. Nimemheshimu, ni mama yangu. Lakini ratiba ni ratiba.

Na nisikate tamaa. Kabla sijaurudisha ubao mahali pake, nimeupitisha mbele ya gari la shemeji, kupima tu. Unaenea vizuri, kutoka taa hadi taa. Vile vipande vya mpira bado ninavyo.

Birika nitabeba mwenyewe.